Aisoleta ya shemeji haijaongeza besi

Watu wananiuliza kama aisoleta inanyoosha sauti ya muziki wa intaneti. Nianze na jibu, maana najua kuna wanaosoma hapa wakiwa nyuma ya boda. Kile kisanduku kidogo cha chuma kinachochomekwa kwenye waya wa mtandao kabla haujafika kwenye redio, kile wauzaji wanachokiita aisoleta, hakibadilishi hata chembe ya muziki unaotumwa. Kinachoweza kufanya ni kukata kelele ya umeme inayosafiri kwa njia ya shaba, na nyumba zenye tatizo hilo ni chache. Nyingi kati ya hizo zingepona kwa waya wa shilingi 15,000.

Mimi ni fundi. Kazi nilijifunzia kwenye chumba cha mitambo cha kituo kimoja cha redio, na siku hizi natengeneza amplifaya za misikiti, makanisa na wapiga muziki wa harusi hapa Tororo, mashariki mwa Uganda. Mtaani naitwa Mama Fundi. Nyumbani nina amplifaya ya zamani ya Kenwood, spika mbili nilizozitengenezea makasha mapya ya mvule, na Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya kiganjani, inayovuta muziki kutoka intaneti na kuupeleka kwenye DAC, yaani kifaa cha kugeuza namba kuwa sauti. Intaneti inapokelewa na antena juu ya paa, inashuka kwa waya hadi kwenye rauta, halafu waya mwingine unapita koridoni mpaka sebuleni.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ndiye mwenye masikio katika ukoo. Anauza vipuri vya magari, anakwenda Dubai na kurudi, na akirudi haji mikono mitupu. Safari hii alileta aisoleta. Kwa pesa yetu ilimtoka shilingi 450,000, na kasha lake lina picha ya violini.

"Shem, hii inaondoa uchafu wa mtandao," aliniambia hata chai hajanywa. "Besi inanyooka. Gitaa la sebene unalisikia kidole kwa kidole."

"Uchafu gani, shemeji?"

"Wa intaneti. Kwani wewe huijui intaneti yetu?"

Hakusubiri jibu. Aliichomeka mwenyewe kati ya antena na kile kisanduku cha ukutani kinachoilisha umeme, na intaneti ikafa papo hapo. Nalieleza hili kwa kirefu kidogo kwa sababu wengi wetu huku tunatumia antena za paa, na ndilo litakalowakuta kwanza. Antena hizo hupata umeme wake kupitia waya uleule wa mtandao, utaratibu unaoitwa PoE. Ndani ya aisoleta hamna maajabu, ni vijitransfoma vidogo kuliko punje ya mahindi, na transfoma hupitisha mawimbi tu. Umeme wa moja kwa moja kama wa betri haupiti. Ukiiweka hapo antena inabaki na njaa. Kamera za ulinzi zinazolishwa kwa waya wa mtandao nazo zitazimika vivyo hivyo. Kama unayo na unataka kuijaribu, mahali pake ni baada ya rauta, karibu na kichezeo chako, yaani kifaa kinachopiga muziki, kama hiyo Pi yangu.

Tukaihamishia huko. Shemeji akakaa kwenye kiti cha mume wangu, akafumba macho, akatulia kama mtu anayesubiri hotuba ya mkuu wa wilaya.

Huo uchafu aliousema ndio kiini cha biashara hii nzima. Muziki wa ubora wa CD ni vipimo 44,100 kwa sekunde kwa kila upande, kila kipimo biti 16. Jumlisha kulia na kushoto, unapata kilobiti 1,411 kwa sekunde kabla haujabanwa. Hata ule wanaouita wa hali ya juu, biti 24 kwa kilohezi 192, haufiki megabiti 10. Waya wa mtandao wa kawaida unabeba megabiti 100, mwingine 1,000. Nafasi ipo tele. Halafu kila fremu, yaani kila fungu la namba linalopita kwenye waya, ina namba ya ukaguzi ya biti 32 mwishoni. Ikifika imeharibika inatupwa, na TCP, utaratibu unaotumiwa na huduma nyingi za muziki, unaagiza kilichopotea kitumwe upya. Basi mambo ni mawili: ama namba zinafika kama zilivyotoka, ama zinachelewa hadi wimbo unakatika. Hakuna njia ya tatu ambayo wimbo unafika wote lakini besi imelegea.

Najua kwa nini watu wa rika letu hili linatusumbua. Tumekulia kwenye redio ya mawimbi mafupi. Ukisogeza antena sauti inasafika, mawingu yakitanda inafifia. Kwenye kaseti, tepu ikivutika mwimbaji analewa. Sikio likafundishwa kwamba njia mbaya huzaa sauti mbaya, kwa kipimo kilekile. Kwa redio na kaseti hiyo ni kweli kabisa. Kwa namba si hivyo.

Kuna hoja ya pili, na wanaoileta si wajinga. Wanasema: sawa, namba ni zilezile, lakini je, muda? DAC ikitoa kipimo mapema au kwa kuchelewa hata kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, wimbi linapinda. Ni kweli. Lakini pakiti za mtandao hazifiki kwa mwendo wa ngoma hata siku moja. Zinakuja kwa mafungu, zinanyamaza, zinakuja tena, na kichezeo kinaziweka akiba kwenye kumbukumbu yake. DAC inachota humo kipimo kimoja kimoja kwa kufuata saa yake ya fuwele (kristali) iliyo ndani. Saa hiyo haijui pakiti ilifika lini, wala ilipitia Nairobi au Kampala.

Maneno haya yote nilikuwa nimeshamwambia shemeji siku za nyuma, hayakumwingia. Kwa hiyo nilikwenda nyuma ya meza kama mtu anayetafuta bisibisi, nikachomoa waya wa mtandao kwenye Pi. Muziki ukaendelea, maana akiba ilikuwa imejaa.

"Unasikia hiyo nafasi?" akasema, macho bado amefumba. "Gitaa liko huku, konga ziko kule. Shem, unasikia?"

Nikamwambia afumbue macho. Waya ulikuwa mkononi mwangu, na aisoleta inaning'inia kwenye ncha yake. Aliutazama waya, akanitazama mimi, na tukabaki hivyo mpaka akiba ilipoisha na sebene likakatika katikati.

"Shem, wewe ni mtu mbaya."

Jaribio hilo halina gharama na mtu yeyote anaweza kulifanya. Hakuna aisoleta duniani inayotenganisha kuliko waya ambao haupo. Piga wimbo unaoujua, acha akiba ijae, mwombe mtu achomoe na kurudisha waya wakati wewe huoni. Vichezeo vingine huhifadhi wimbo mzima, vingine sekunde chache tu, kwa hiyo chunguza chako kwanza. Fanya pia kwenye kimya: simamisha wimbo, pandisha sauti ya amplifaya taratibu, weka sikio karibu na spika, sikiliza waya ukiwemo na usipokuwemo. Kama hakuna tofauti, hicho kisanduku hakina cha kuondoa kwako.

Kama tofauti ipo, hapo sasa tunazungumza, maana waya wa mtandao ni shaba na shaba inabeba kila kitu.

Kwanza ujue kwamba tundu la mtandao la kila kifaa tayari lina transfoma yake ndani. Kanuni ya IEEE 802.3, ya mitandao ya waya, inadai utengano huo uvumilie volti 1,500 kwa sekunde 60. Kwa hiyo rauta imetenganishwa, kichezeo kimetenganishwa, na aisoleta inakuja kuwa ukuta wa tatu. Ukuta huo wa ziada una kazi mbili halali. Transfoma yoyote huvuja kidogo kwenye masafa ya juu, na kuta zikiongezeka uvujaji unapungua. Je, uvujaji huo unafika kwenye spika? Hiyo inategemea DAC yako imeundwa vipi, na DAC nzuri, hata ya bei ya kawaida, haiujali. Kazi ya pili ndiyo niliyokutana nayo kwa macho yangu.

Hajji mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, ana nyumba nyuma na duka mbele. Duka lina mita yake na waya wake wa ardhini, ule tunaouita ethi. Nyumba nayo ina vyake. Aliyemfungia intaneti alivuta waya kutoka dukani hadi sebuleni, na kwa nia njema akatumia waya wa bei, wenye foili ndani na plagi za chuma. Toka siku hiyo spika zikawa zinavuma, mmmm, hata wimbo ukiwa umesimamishwa. Ukichomoa waya wa mtandao, kimya. Nani hapo asingesema intaneti ni chafu? Shemeji alishamfikia kabla yangu, na Hajji alikuwa ameanza kuhesabu pesa za kuagiza.

Nilichukua mita ya kupimia volti, ncha moja nikagusisha kwenye chuma cha plagi ya mtandao kabla haijachomekwa, nyingine kwenye mwili wa amplifaya. Volti mbili na ushei, za umeme wa gridi. Ethi ya duka na ethi ya nyumba hazilingani, na ile foili ilikuwa imeziunganisha. Mkondo ukawa unaingia kwenye kichezeo kwa plagi ya chuma, unapita kwenye zile waya nyekundu na nyeupe za RCA hadi kwenye amplifaya, kisha unashuka kwenye ethi ya nyumba. Ubaya wa RCA ni kwamba chuma cha nje kinafanya kazi mbili, ni ngao na papo hapo ni njia ya kurudia ya muziki. Mkondo wowote wa kigeni ukipita hapo unaacha kijivolti, na amplifaya haina akili ya kukibagua. Inakikuza pamoja na rhumba. Umeme wetu ni wa hezi 50, na hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akiisikia Hajji, na ndugu zake wa 100 na 150.

Nikambadilishia waya. Cat5e ya kawaida isiyo na foili, plagi za plastiki. Mvumo ukaisha. Aisoleta nayo ingeumaliza, kwa sababu na yenyewe inakata hiyo foili, na Hajji angeimba sifa zake hadi Mbale. Ndivyo sifa zinavyosambaa: kifaa kinaponya kweli, ila mgonjwa anaambiwa jina la ugonjwa ambalo silo.

Kelele nyingi ninazoletewa, lakini, hazipiti kwenye waya wa mtandao kabisa. Zinatoka kwenye chaja. Umeshawahi kupitisha nyuma ya kiganja kwenye kompyuta ya chuma inayochajiwa, ukahisi kama inatetemeka, kama inakwangua? Chaja ya miguu miwili ina kapasita ndogo inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa kutokea. Imewekwa kwa makusudi, kuzuia kelele za chaja yenyewe. Ikiwa ya nanofaradi 2.2, kwa volti 240 na hezi 50, inavujisha karibu miliampia 0.17. Haiui mtu, ila ikipata njia kwenye RCA inasikika. Njia yake inayopendwa ni waya wa USB kutoka kompyuta kwenda kwenye DAC, maana USB haina transfoma, imeunganisha shaba kwa shaba. Unaweza kuweka aisoleta za mtandao tatu mfululizo na mvujo huu hautajua kama zipo.

Dawa yake? Kama DAC ina tundu la TOSLINK, lile lenye mwanga mwekundu ambalo Toshiba walilitoa mwaka 1983, litumie. Mwanga haubebi mvumo. Au lisha kichezeo kwa chaja nyingine. Nimeona chaja ya shilingi 8,000 ikiharibu mfumo wa milioni mbili, na nyingine ya kawaida iliyokuja na simu ikatulia kabisa. Na kabla ya yote ondoa katochi, ile simu ndogo ya vitufe yenye tochi, juu ya amplifaya. Simu ndogo za 2G zikiongea na mnara hutuma kwa vishindo 217 kila sekunde, ule mlio wa trr-trr-trr unaotangulia simu kuita. Nimeitwa nyumba za watu kutengeneza "spika mbovu", nikahamisha simu ya bibi nikaondoka.

Wasiosadiki masikio yao, na wasioyasadiki ya kwangu, wapime. Ninachofanya ni kuingiza sauti ya kutokea ya DAC kwenye kompyuta, kompyuta ikiwa kwenye betri ili isilete mzunguko wake wa ethi, narekodi kimya kwa programu ya Audacity ambayo ni ya bure, kisha natazama mchoro wa masafa. Mvumo unajichora wenyewe kama miiba kwenye 50, 100, 150. Nilifanya hivyo sebuleni kwangu, na aisoleta na bila aisoleta. Michoro niliyoipata siwezi kusema ipi ni ipi isipokuwa kwa majina niliyoyaandika juu ya mafaili. Shemeji anasema mchoro hauna masikio.

Nisiionee aisoleta. Ina kwao, na kwao ni hospitali. Mgonjwa akiwa ameunganishwa kwenye mashine, na mashine imeunganishwa kwenye mtandao wa jengo, hutaki mkondo wa ethi ya jengo jingine upitie kifuani mwake. Kanuni ya IEC 60601-1 ya vifaa vya tiba inabana mikondo hiyo kwa viwango vidogo mno, ndiyo maana kuna aisoleta zinazovumilia volti 4,000 na zaidi. Huko ni kifaa cha kuokoa maisha. Kilichotokea ni kwamba mtu alikiona, akakivalisha kasha zuri, akabandika violini.

Na kama unachotaka ni utengano tu, Wi-Fi inakupa wa kutosha bila kulipa chochote. Hakuna shaba kati ya rauta na kichezeo. Mimi natumia waya kwa sababu ukuta wa koridoni ni wa mawe na mawimbi yanachoka njiani.

Sasa jambo ambalo kwa hapa Tororo nalipa uzito kuliko besi ya mtu yeyote: radi. Mji wetu uliingia kwenye vitabu vya rekodi kwa wastani wa siku 251 za ngurumo kwa mwaka, hesabu ya miaka ya 1967 hadi 1976. Wageni wanadhani ni utani mpaka wakae mwezi mmoja. Karakana yangu ina droo ya rauta zilizokufa baada ya mvua, na ukizifungua zinafanana: tundu lililounganishwa na antena limeungua, vijitransfoma vyeusi, pengine chipu imepasuka. Haihitaji radi ipige paa lako. Ikipiga mwembe wa jirani, waya mrefu unaotoka kwenye antena unapata msukumo wa kutosha.

Shemeji aliniuliza kama aisoleta yake ingezuia hilo. Ingesaidia kidogo kwa misukumo midogo, lakini volti 4,000 mbele ya radi ni kama kuzuia lori la saruji kwa kiti cha plastiki. Tena tumeshaona kwamba kwenye waya wa antena hailiwezi lile suala la PoE. Kinachotenganisha kweli ni faiba: visanduku viwili vya kugeuza umeme kuwa mwanga, na katikati uzi wa kioo. Kioo hakipitishi umeme. Antena na kisanduku cha upande wake vinaweza kuungua, lakini rauta, Pi, Kenwood na televisheni viko upande wa pili wa kioo. Sharti ni moja: kila upande upate umeme wake kwa njia yake, maana ukivilisha vyote kwenye ekstensheni moja umeirudishia radi daraja. Na usinunue waya wa faiba wenye nyuzi za chuma ndani za kuuimarisha, ukaupeleka moja kwa moja hadi kwenye rauta. Wengi wanasahau hilo.

Kuna watu huko nje wanaouza faiba hiyohiyo kama dawa ya sauti. Kwa sauti, jibu langu ni lile la juu. Kwa droo yangu ya rauta, ninazo sababu za kutosha, na nataka kuifunga faiba hiyo kabla mvua za Machi hazijaanza.

Kinachonizuia ni panya. Juu ya dari yangu wapo, na waya za plastiki wanazipenda. Kama kuna mtu Busia, Mbale au Jinja aliyevuta faiba darini bila ganda la chuma ikadumu, aniambie aliipitisha kwenye bomba gani na alinunua wapi. Shemeji ameahidi kuileta kutoka Dubai, lakini nimeshaona anaangalia ile yenye plagi za dhahabu.